Mguu Juu ya Gogo

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Radi ni kwamba hakai popote bila ukuta nyuma yake. Kwenye kibanda cha chai, msibani, hata kwa kinyozi, atageuza kiti mpaka mgongo wake uguse kitu. Nilidhani ni kiburi. Sababu niliijua baadaye, habari za masikio yake zilipokwisha kuzagaa, siku alipokosa nafasi ya ukutani na mlevi mmoja akamnyatia, akigonga sufuria kisogoni pake ili watu wacheke. Radi hakusikia kitu, ila alihisi pumzi shingoni. Aligeuka, ngumi ikiwa imetangulia. Mlevi aliokota jino lake mchangani, na kicheko kikaishia hapo.

"Sikio la kufa," alisema mwenye kibanda huku akifuta damu mezani, "lakini ngumi nzima kabisa."

Radi ni mpiga nyundo katika karakana ya kaka yake, mhunzi. Kazi yao ni ya watu wawili. Kaka hushika chuma chekundu kwa koleo, akakilaza juu ya fuawe, lile pande la chuma lililokaa juu ya gogo, na kwa kinyundo kidogo huonyesha pa kupiga. Radi hushusha nyundo kubwa papo hapo. Kaka akigonga fuawe tupu, maana yake acha. Mlio huo ndio uliomla Radi masikio, mwaka baada ya mwaka, naye akaficha. Alisoma midomo, akafuata macho ya watu, akacheka wenzake walipocheka.

Mpaka asubuhi ile jembe walilokuwa wakilifua lilipoteleza. Kaka aligonga fuawe kuashiria acha, kisha akasogeza mkono kulikaza koleo karibu na ncha yake inayobana chuma. Nyundo ilikuwa hewani. Mwenye masikio angeizuia. Radi aliishusha kwa nguvu zake zote. Vidole viwili vilipasuka kama miwa. Kaka hakulia. Alinyakua koleo kwa mkono mzima akampasua nalo kichwa, Radi akamkaba, wakaangukia makaa, nguo zikashika moto, na kila mmoja bado anatafuta koo la mwenzake. Mke wa kaka ndiye aliyewaachanisha: aliwamwagia pipa zima la maji ya kupozea vyuma, kisha akamchapa kila mmoja kwa mpini wa jembe.

"Nimegonga," kaka alisema akitweta. "Nimekwambia acha. Umenivunja kusudi."

"Sikusikia."

"Nani asiyesikia fuawe?"

"Mimi. Hata wewe sasa hivi sikusikii, nakusoma midomo tu."

Mke wa kaka alishusha mpini. "Kwa nini hukusema, shemeji?"

"Ningesema mngenipa kazi gani? Kulinda majivu?"

Kaka alimfukuza hapo hapo, damu ikiwachuruzika wote wawili. Radi hana ufundi mwingine, na karakana ile waliachiwa na baba yao.

Shemeji yake, yule mke wa kaka, ndiye aliyekataa. Kaka alipotoka hospitali, mwanamke huyo alimwita Radi, akamvua viatu, akamwambia aweke mguu mmoja juu ya gogo la fuawe na uso augeuzie ukutani. Akagonga fuawe. Radi akainua kidole. Akagonga taratibu zaidi, kidole kikainuka. Akaacha kugonga, akisubiri Radi akosee, kidole kikatulia. Mtikisiko ulikuwa ukipita kwenye mti na kumwingia unyayoni.

Kaka aliyaona yote akiwa mlangoni, mkono umefungwa bendeji kama kichanga.

"Mguu si sikio," alisema.

"Na wewe una masikio mawili, mume wangu. Umenisikiliza lini?"

Kaka aliingia ndani. Kisha akamkabili Radi ili midomo ionekane vizuri. "Bendeji ikitoka nitashika chuma mwenyewe. Nitagonga acha nitakapotaka, nyundo ikiwa hewani. Ikishuka hata mara moja, tusijuane."

Jana bendeji ilitoka. Vidole vimepona vikiwa vimepinda, lakini koleo vinashika. Leo moto umekolezwa, na majirani wamejaa mlangoni kama watu waliokuja kutazama mchinjo. Radi amesimama katikati ya karakana, mgongo wazi, hana ukuta wowote nyuma yake. Mguu wake mtupu uko juu ya gogo. Cheche zinamtoboa ngozi, hauondoi. Nyundo iko begani.

Kaka anachomoa chuma motoni, anakilaza juu ya fuawe, na anainua kinyundo.