Jeneza Lisilo na Kibao

Bi Botilla Clausen hakusoma nasaba ya watawala wake kitabuni. Aliijua kwa kitambaa. Kila Jumamosi alishuka ngazi kumi na tisa chini ya kanisa la jumba la Duke, kandokando ya ghuba ya Flensburg, akang'arisha vibao vya shaba vya majeneza thelathini na mawili. Alijua nani alimzaa nani, nani alikufa kwa surua, na ni tumbo lipi lililotoa mfalme.

Jeneza la thelathini na tatu, fupi kama susu ya mtoto, halikuwa na kibao. Hilo alilipangusa mwisho, polepole. Humo alilala Detlev, aliyeishi miezi saba. Mama yake, Abelone, alikuwa mkamuaji wa ng'ombe jumbani na dada wa bibi yake Botilla. Christian Ernst, mtoto wa pili wa Duke, alimwoa madhabahuni kwa mkono wa kushoto, kama ilivyokuwa desturi kwa wanawake wasio wa damu ya watawala: mke halali, ila watoto wasirithi cheo. Cheti cha ndoa hiyo kilihifadhiwa kwao Botilla, chini ya shuka za kitani.

Ndipo akaja Bwana Thomsen, msomi wa nasaba kutoka Kiel. Majira matatu ya joto alikaa jikoni kwake akiandika, mdomo umejaa samaki aina ya mkunga wa kuokwa kwa moshi.

"Bi Botilla, wewe ni maktaba inayopika!"

"Na wewe panya wa maktaba. Kula, mifupa yako inanitia aibu."

Mwaka wa tatu aliomba cheti. "Nitamwandika Detlev mahali pake, chini ya baba yake. Nakuapia."

Hata marehemu mumewe Botilla hakuwahi kukishika cheti kile. Thomsen aliondoka nacho.

Kitabu cha Thomsen kilifika Oktoba. Botilla alivaa miwani, akafuata tawi kwa kidole hadi kwa Christian Ernst. *Hakuoa. Hakuacha mtoto.* Akasoma tena. Kisha akakifunga kitabu taratibu, kama mtu afungaye mlango wa chumba chenye mgonjwa.

Jumapili Thomsen alikuja na wageni wa jumba. Botilla alimzuia mlangoni mwa kanisa.

"Detlev yuko wapi?"

"Bi Botilla, shusha sauti. Wenye ukoo hawakupenda."

"Mimi si mwenye ukoo?"

"Unanielewa vizuri sana. Bila ruhusa yao kitabu kisingetoka."

"Basi nirudishie cheti changu."

Thomsen alitazama viatu vyake. "Nimewakabidhi. Kiko mahali salama."

"Salama kwa nani, mwanangu? Umekula kwangu miaka mitatu."

Alikuwa hajawahi kumwita mwanangu.

Wageni walikuwa wakingoja kuteremshwa kwenye majeneza. Botilla alimwekea funguo mkononi. "Wapeleke wewe. Wewe ndiwe unayewajua waliolala humo."

Yeye alikaa kanisani, kwenye benchi la nyuma. Sauti ya Thomsen ilipanda kutoka chini, tamu, ikitaja majina kwa mpangilio ule ule aliofundishwa na Botilla. Kisha mwanamke mmoja akauliza, "Na hili dogo hapa pembeni?"

Botilla alinyanyuka nusu, mikono imeshika benchi la mbele.



"Huyo," alisema Thomsen, "hajulikani."