Picha Iliyogeuziwa Ukuta

Katika chumba cha nyuma cha chama cha wasanii wa mtaa, ubao ulioegemezwa huku uso wake ukitazama ukuta hauna mwenyewe. Utaratibu huo haukuandikwa popote. Mbao nzuri ni adimu, kwa hiyo mchoraji aliyeshindwa na kazi yake huigeuza, na mwenzake yeyote anaweza kuipaka nyeupe akaanza upya. Hakuna kuuliza.

Fundi cherehani alikuwa miongoni mwa walioanzisha utaratibu huo. Ndiyo maana hakuwa na wa kumlaumu asubuhi alipoingia na kumkuta mchora mabango, ambaye wote humwita Brashi, akichora jogoo juu ya uso wa dada yake.

"Kaka, huo ubao umeutoa wapi?"

"Hapo ukutani, ulikuwa umegeuzwa. Kwani vipi, umempenda jogoo? Subiri nimalize mkia. Ni wa muuza kuku, ana haraka kama kuku wenyewe."

"Chini umepaka nini?"

"Nyeupe."

"Naona ni nyeupe. Ya maji au ya mafuta?"

"Ya maji. Jana jioni." Brashi akashusha mkono. "Niliona kichwa cha mwanamke, mdomo umeharibika. Nikajua kimeshindikana. Dada, usiniambie."

"Ni dada yangu."

Wasanii wengi wa chama hicho walifika kwenye sanaa kwa mlango wa kazi nyingine. Brashi alianza kwa kuandika namba za nyumba. Fundi alianza sakafuni, katika duka la cherehani alilofungua dada yake mkubwa. Dada alikuwa mkataji, yeye mshonaji. Kabla ya kugusa kitambaa, dada alichora gauni kwa chaki kwenye karatasi ya kaki ili mteja alione. Wanawake wa michoro yake wote walikuwa na shingo ndefu, hata mteja awe hana shingo kabisa. Mdogo mtu aliokota karatasi zilizotupwa na kufuatisha mistari kwa kidole, kisha kwa penseli.

Dada akapata kazi ya kiwanda cha nguo ng'ambo. Mwanzoni alipiga simu kila alipopata nafasi. Baadaye nambari ikawa haipatikani, na haijapatikana tena. Picha zake zilipotea pamoja na simu iliyoibwa. Ubao ule, uliochorwa kwa rangi ya mafuta miezi michache baada ya dada kuondoka, ndio pekee uliobaki na sura yake.

"Siku hizi nikifumba macho namwona amenipa mgongo," fundi alimwambia Brashi. "Uso siujui tena. Naujua hapo tu."

Mdomo ndio uliomsumbua. Wa kwanza aliufunika mwenyewe, baada ya watu kuucheka kwenye maonyesho, hata akausahau ulivyokuwa. Tangu hapo aliuchora upya mara nyingi, kwa rangi ya maji kwa sababu hukauka upesi na yeye huchora kati ya mteja na mteja. Kila mdomo mpya ulikaa juu ya uliotangulia. Juzi alikasirishwa na wa mwisho, akaugeuza ubao kwa muda tu, kisha akaitwa dukani na kusahau.

Rangi ya maji haishiki sana juu ya mafuta makavu. Wote wawili walilijua hilo. Walijua pia kwamba kitambaa kibichi kitakachoondoa jogoo kitaondoa na midomo yote ya rangi ya maji.

"Utabaki na mtu asiye na mdomo," Brashi alisema.

"Bora huyo kuliko kuku."

Akalowesha kitambaa. Brashi alisimama pembeni ameshika ndoo kwa adabu ya mtu aliyevunja kikombe ugenini. Paji la uso likatoka kwanza, kisha nyusi, kisha macho, yakitazama kidogo kushoto kama zamani. Fundi akavuta pumzi. Kwenye mdomo rangi ilikuwa nene. Ikalainika, ikajikunja pembeni, na alipoinyanyua kwa ukucha ikabanduka nzima kama gamba.

"Jamani, hayo ni meno gani?" Brashi aliinama.

Fundi alisogeza uso karibu na ubao. Kati ya midomo iliyobanwa zilionekana pini, vichwa vyake vidogo vimepangana.

"Pini," alisema. "Alikuwa akiongea nazo. Wateja walikuwa hawaelewi kitu." Akabana midomo, akasema kwa sauti isiyo yake: "Shimama wima, mama. Ushipumue."

Brashi akacheka. Yeye akaacha kusugua, akakaa na kitambaa mkononi, maji yakimdondokea magotini.

Picha hiyo haikuning'inizwa kwenye maonyesho ya mwaka huu. Iko dukani, juu ya meza ya kukatia, imetazama mlango. Begani pana unyoya mwekundu wa mkia wa jogoo uliokataa kutoka, na fundi ameuacha. Nambari bado haipatikani. Mteja mgeni akiuliza yule mwenye pini ni nani, fundi huinua kichwa kwenye cherehani.

"Ni dada, mkataji wetu," husema. "Ametoka kidogo."