Mashine Aliyoichagua Nyamai

Nyamai wa Tulia hakupita darasa la nane, lakini siku moja alichagua mashine ya kupakulia meli, na mimi nilimbeba begani kwa ajili hiyo.

Alikuwa msimamizi wetu bandarini Mombasa, tulikoshusha saruji inayokuja bila mifuko, imemwagwa tu ndani ya meli. Tulikuwa kumi na sita, sote aliotutafutia kazi kutoka nyumbani kwetu Tulia, Kitui. Kampuni ilipotaka vifaa vipya, injinia aliweka picha mbili mezani. Ya kwanza bomba lililofungwa, lenye skrubu ndani, linalovuta saruji bila kutoa vumbi. Ya pili ndoo kubwa ya chuma ya kuning'inizwa kwenye kreni, inayochota na kumwaga huku vumbi likipaa, na wanaume wanashuka na sepetu kukusanya inayobaki.

"Hii kazi ni wewe unaijua," injinia alisema. "Tuchukue gani?"

"Hiyo ya bomba inataka watu wangapi?"

"Wanne tu."

Mwaka ule mvua ilikuwa imeinyima Kitui kwa mara ya tatu. Nyamai akaweka kidole kwenye ndoo. "Hii. Hiyo ingine itasumbua spea." Uongo mtupu.

Tulimwinua juu tukiimba. Kilonzo, mume wa dada yake, aliimba kutushinda wote. Vumbi lile tulilimeza miaka kumi na moja, tena kwa shukrani, wapumbavu sisi.

Agosti tulimzika Kilonzo. Daktari alikuwa amemwambia Nyamai waziwazi, mimi nikiwa nimesimama hapo, kwamba saruji imeziba mapafu. Nyumbani Nyamai alisema ni kifua tu. Mwezi uliofuata kampuni ilinunua bomba, ikaleta watu wengine wanne, ikatufukuza sote, naye pia.

Jumapili iliyopita Mumbua, mjane wa Kilonzo, alisimama kanisani kutoa ushuhuda.

"Nashukuru Mungu kwa kaka yangu Nyamai," alisema, akimwonyesha. "Angechagua ile mashine ingine, Kilonzo wangu angekuwa amekaa tu hapa nyumbani mpaka leo."

Kanisa zima likapiga makofi. Nyamai alitazama viatu vyake. Nilimchukia, na nilijichukia mimi zaidi, kwa sababu nilijua na nilikaa kimya. Nikasema amina pamoja na wengine, kisha kikohozi kikanishika.