Krimu Niliyomsomea Mama

Juzi, kwenye duka la vipodozi mjini Same, niliona krimu ileile ya boksi la pinki, na harufu yake ikanirudisha nyumbani Gonja.

Mchana mmoja, nikiwa bado shule ya msingi, Mama, ambaye hakujua kusoma, alinipa boksi kama hilo huku mikono yake ikinukia tangawizi.

"Msomi wangu, wanasemaje hapa?"

Yalikuwa maandishi ya Kiingereza. Nikaona aibu kusema sijui, nikabuni: "Upake usoni kila siku."

Alipaka akiimba. Mashavu yalipoiva, nilidhani ndio urembo unaingia.

Juzi niliyasoma yale maandishi: isipakwe usoni.

Mpaka leo, akiulizwa kanisani kuhusu madoa yaliyombaki usoni, Mama hujibu: "Krimu ilikuwa feki. Maelekezo niliyafuata yote, mwanangu alinisomea."