Jumba la Opera Nililomwonyesha Mzee Jiwan

Niseme wazi kabla sijaogopa: nimemkosea mzee wa watu, nikiwa na akili zangu timamu.

Naishi Sparkhill, huku ughaibuni. Nilisoma masomo ya jioni kule Northfield, historia ya muziki, nikapata cheti nikakitundika sebuleni kwenye fremu kubwa kuliko mlango. Tangu siku hiyo mtaa mzima unaniita Profesa. Nami nikaitika, jamani! Ukiniuliza lolote nilikuwa na jibu, na jibu likipungua nalijazia.

Jirani yangu ni Mzee Jiwan, Singasinga aliyekulia Nakuru, Kiswahili chake kinanishinda mimi. Marehemu mkewe alimpenda mtunzi mmoja wa opera wa Italia, kaseti zake hazikunyamaza Jumapili hata moja. Daktari alipomwambia mzee kwamba macho yanazimika, aliomba kitu kimoja tu: akakae ndani ya jumba ambamo opera ya kwanza ya mtunzi yule iliimbwa, katika mji aliozaliwa.

"Mji ule una majumba mawili, Profesa. Ni lipi?"

Sikujua! Darasani tuliugusa mji ule dakika tano. Lakini nilijibu kama niliyelijenga kwa mikono yangu: "Lile kubwa la uwanjani, mzee. Nimelisoma miezi mitatu!"

Tukaenda, mimi na yeye. Akakaa kwenye kiti chekundu, akaitazama dari ya dhahabu, akaanza kuongea na mkewe kwa Kipunjabi. Alilia. Nikatoka nje kumwachia nafasi.

Pale mlangoni kuna kibao cha maelezo. Nikakisoma. Jumba lilijengwa mtunzi akiwa ameshakufa zamani. Lake ni lile dogo, nyuma ya kanisa, mwendo wa dakika tatu. Na lilikuwa wazi.

Dakika tatu! Mzee akatoka uso unang'aa. "Asante, mwanangu. Nimemwambia mama kila kitu."

Nikasema, "Twende tukanywe kahawa."

Sasa haoni kabisa. Binti yake, Jasbir, alikiona kibao kile kwenye picha nilizompiga mzee mlangoni. Akaja kwangu.

"Anko, ulijua?"

"Nilijua."

"Mkiwa bado huko huko?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Baba usimwambie. Ila kwetu usije tena."

Siendi. Wala sikulia, ajabu! Nimekuwa kama mkono uliolaliwa: nauona, siusikii. Nakula, nakwenda kazini, narudi.

Mzee hunipigia simu. "Profesa, mbona umenisusa? Nimekukosea nini?"

Namwambia kazi ni nyingi.

Nyinyi mnaosifiwa mtaani kwamba mnajua kila kitu, nawasihi, jizoezeni kusema "sijui". Na kama uongo umeshakutoka, rudi ukausahihishe upesi, mtu akiwa bado anaona.