Namba Sita kwenye Lenzi

Kichwa kilinivimba siku niliyonunua ile kamera ya filamu. Makongeni nzima watu wanapiga picha kwa simu, mimi peke yangu nazungusha lenzi kwa mkono na kuchungulia kwa jicho moja. Na hasira zangu ziko karibu. Anayetaka kunifundisha kazi yangu, mimi humjibu kabla hajamaliza.

Ndani ya kitundu cha kuchungulia palikuwa na vumbi lililoniudhi. Nikatoa kile kioo chembamba ambacho picha huonekana juu yake, nikakipangusa kwa kitambaa cha miwani, nikakirudisha. Sikuangalia upande upi ulikuwa juu.

Wiki hiyo hiyo akanijia jirani yetu, fundi mstaafu wa reli. Mkewe alikuwa mgonjwa wa figo, na Jumamosi wangempeleka nyumbani, huko magharibi. Mama yule hakupenda kupigwa picha maisha yake yote. Sasa alikuwa amekubali, mara moja tu, na mzee alitaka picha moja nzuri ya kubaki nayo. Sote tulijua kwamba harudi.

Tulimketisha nje, mlangoni, kwenye jua la asubuhi. Alikuwa amesukwa nywele na kuvaa gauni la kanisani. Nyuma yake, mbali kidogo, palikuwa na kamba ya nguo. Binti yao, aliyekuja kutoka Kayole kumsindikiza, akatoa simu.

"Si nipige moja na simu pia? Ya kuweka tu."

"Rudisha simu," nikamwambia. "Utamchosha mama bure."

Nilizungusha lenzi mpaka uso wa mama ukatulia, kope zikaonekana moja moja. Mzee alikuwa amesimama begani kwangu. Mtu aliyepima vyuma miaka yote ya kazi yake hawezi kuona namba akaipita.

"Mwanangu, hizi namba za kwenye lenzi ni za nini?"

"Ni umbali kwa mita, mzee. Kutoka hapa hadi kwa mama."

"Hapa inasema sita." Akapiga hatua mbili pana, akamfikia mkewe. "Na hizi ni mita mbili. Hazizidi."

"Mzee, mimi naona kwa jicho langu. Tafadhali usinisemeshe nikiwa kazini."

Akarudi nyuma yangu. Mkewe akacheka kwa jinsi mumewe alivyokemewa, nami nikabonyeza. Filamu nzima niliimaliza hivyo.

Ilipooshwa, vibanio kwenye ile kamba ya nguo vilionekana kimoja kimoja, hata waya zake. Mbele yake palikuwa na ukungu uliovaa gauni. Nikafungua kamera. Kioo nilikuwa nimekirudisha juu chini, kwa hiyo kilichokuwa wazi machoni pangu hakikuwa wazi kwenye filamu. Namba sita ilikuwa kweli, na mzee alikuwa ameniambia. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka.

Siku chache baadaye mzee alirudi kuchukua nguo na dawa za mkewe. Akanikuta getini, akauliza picha. Hapo ndipo ningesema ukweli.

"Hazikutoka," nikamwambia. "Uliponisemesha, mkono ulicheza."

Akashika kichwa. "Kumbe ni mimi." Hakuniuliza tena.

Mama alifariki mwezi uliofuata. Kwenye matanga, pale kwao, juu ya meza waliweka picha ya kitambulisho iliyokuzwa, uso mgumu wa mtu anayesubiri kuitwa dirishani. Mgeni mmoja akauliza kama hawakuwa na nyingine. Mzee akanielekezea kidole, mimi na kikombe changu cha chai.

"Huyu alimpiga picha vizuri sana. Ni mimi nilimsumbua na maswali yangu. Mke wangu alikuwa anacheka siku hiyo, nami nikaiharibu."

Watu wakamwambia asijilaumu. Binti yake akanitazama, kisha akainamisha kichwa. Mimi nikaendelea kunywa chai.