Jinsi Mjukuu Wangu Alivyotolewa Nje

Katika arusi moja iliyofanyika Nyakisasa baada ya mavuno yaliyopita, kaka yangu mkubwa alisimama mbele ya ukoo na kutamka kuwa mjukuu wangu aliyezaliwa Ulaya hakutolewa nje kwa desturi, na kwamba mimi, babu yake, nilikuwepo na nikanyamaza. Nilikuwa nimeketi safu ya pili. Sikumjibu pale, kwa sababu arusi si mahali pa kujibia hoja, na kwa sababu kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake. Ninajibu hapa, kwa maandishi. Nimetumikia ofisi za kata kwa miaka thelathini na minne, Biharamulo kwanza na Ngara baadaye, na ninajua kuwa neno lisiposahihishwa mapema huota mizizi likaitwa ukweli.

Nianze na desturi yenyewe, kwa faida ya wasioijua. Kwetu mtoto akizaliwa hukaa ndani na mama yake siku nane hivi. Siku ya kumtoa, watoto wa majirani huitwa. Hupewa vijembe, wakalima kipande cha ardhi mbele ya nyumba. Mtu mzima huwanyunyizia maji, ndiyo mvua hiyo, nao hukimbilia nyumbani kama wakulima walionyeshewa shambani. Hula pamoja, na kila mmoja humtajia mtoto jina analomtakia. Ndipo mama huvuka kizingiti na mwanawe. Jina la kudumu hutolewa na babu, lakini wanaompokea mtoto ni wale watoto. Bila wao hajatoka.

Hapo ndipo shida yetu ilipoanzia. Tulikuwa ghorofa ya tatu, katika mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani, na mwanangu, ambaye alikuwa anaishi hapo kwa mwaka wa nne, hakumjua mtoto hata mmoja wa jengo lile.

Mke wangu na mimi tulikuwa tumetoka Murusagamba wiki mbili kabla mkamwana wetu hajajifungua. Tulifika Ngara wekundu kwa vumbi, tukapanda ndege mbili, na mwisho treni ambayo iliondoka dakika ile ile iliyoandikwa ubaoni. Nilisimama nikaitazama saa ya kituo kwa heshima. Mke wangu hakuitazama. Alikuwa ameukumbatia mkoba wake, ambamo, kinyume cha ushauri wangu, alikuwa ameficha maharage ya shamba letu ndani ya khanga.

Katika jengo lile kulikuwa na kibao kidogo cha mbao, kikiwa na uzi. Kikitundikwa kwenye kitasa cha mlango wako, wiki hiyo ngazi ni zamu yako: utazifagia na kuzipiga deki kutoka juu hadi mlango wa barabarani, na Jumamosi jioni utakihamishia kwa jirani. Mwanangu alikichukia kibao hicho. Mimi nilikipenda tangu siku ya kwanza, nikaomba nikabidhiwe zamu zake zote. Nyumbani nimehangaika miaka mingi kuwahimiza watu wafagie mbele ya milango yao, na huku kipande cha ubao kinafanya kazi hiyo kimya kimya. Mjane mmoja wa ghorofa ya chini, mwenye umri kama wangu, alikuwa akitoka kila nilipomaliza, anatazama kona, anatikisa kichwa kukubali, anafunga mlango. Huo ndio ulikuwa ujirani wetu wote.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Namshukuru Mungu, na nawashukuru wakunga, mmoja wao akifuatilia hali ya mama na mtoto hadi nyumbani, bila kuitwa mara mbili. Siku ya nane ikapita. Ya kumi na tano ikapita. Mkamwana wangu ni binti wa Biharamulo, aliyelelewa vizuri, naye anashika heshima ya mkwe: haniambii neno ana kwa ana. Katika nyumba ya vyumba viwili na jiko, heshima hiyo ni kazi ngumu. Alikuwa akimwambia mama mkwe wake kwa sauti ya kutosha, nami nikiwa hatua tatu tu nyuma ya mlango.

"Mama, mwambie baba sina haraka. Ila Alhamisi ya wiki ya nne daktari anamtaka mtoto, na mimi sivuki mlango huu na mtoto ambaye hajatolewa. Mama yangu ananiuliza kila anapopiga simu."

"Amesikia," alijibu mke wangu. "Kikohozi hicho ni chake."

Niliamua kuchukua hatua. Jumamosi iliyofuata mke wangu na mimi tulisafiri kwa treni hadi mji wa jirani, kwenye mnada wa vitu vya zamani, tukapata vijembe vitatu vya chuma vyenye mipini mifupi. Muuzaji alitaka kutuonyesha namna ya kuvitundika ukutani viwe mapambo. Mke wangu alivipima uzito mkononi, akapiga kimoja ardhini, akaridhika.

"Sasa twende tukawaite watoto," alisema.

"Nitaandika tangazo."

"Mzee wangu, tangu lini mtoto wa jirani akaitwa kwa karatasi?"

"Hii ni nchi ya karatasi," nilimjibu.

Nanukuu tangazo langu, kwa kuwa nakala ninayo: "Kwa wakazi wote. Yah: Kutolewa nje kwa mtoto. Watoto wote wa jengo hili wenye umri usiozidi miaka kumi wanatakiwa kufika uwanja wa nyuma Jumamosi saa tisa alasiri bila kukosa. Watakabidhiwa majembe. Chakula kitatolewa baada ya kazi." Mwanangu alitaka kulainisha lugha. Nilimwamuru atafsiri neno kwa neno, asibadilishe kitu. Jumatatu nikalibandika kwa mkono wangu, kwa kutumia kipimo ili lisikae upande.

Jumanne halikuwepo. Jumatano ikaja barua ya msimamizi wa jengo: matangazo hayabandikwi bila kibali, majani ya uwanja wa nyuma hayachimbwi, na mzazi mmoja ameuliza ni nani anayeajiri watoto. Mimi, ambaye katika utumishi wangu wote sijaandika waraka uliotiliwa shaka, nimerudishiwa karatasi kama karani wa jana! Niliandaa majibu ya kurasa mbili.

"Baba, tafadhali," mwanangu alisema, akazikunja kurasa zangu taratibu. "Nina mkataba wa nyumba hapa. Ukimaliza kuwajibu, sote tutatolewa nje."

Mke wangu alicheka hadi akaweka chini kijiko. Mimi sikucheka siku ile.

Jumamosi saa tisa nilishuka hata hivyo, kwa kuwa nilikuwa nimetangaza. Nilibeba kiti na vijembe vitatu. Nilikaa uwanjani hadi saa kumi na nusu. Dirisha moja lilifunguka, likafungwa. Hakuja mtu. Huko juu niliona pazia la chumba cha mkamwana wangu likisogea, nikajua kwamba ameona. Nimepata kusimamia mikutano ambayo watu hawakufika, lakini hakuna kiti kilichowahi kuwa kizito kama kile wakati wa kukipandisha.

Jioni hiyo zamu yangu ilikwisha, nikashuka kumtundikia mjane kibao chake. Kabla sijafikia kitasa mlango ukafunguka. Alikuwa ameshika tangazo langu. Alikuwa ameliokota kwenye pipa la karatasi, akalinyoosha mikunjo. Alisema jambo, akionyesha neno moja kwa kidole. Nilimwita mwanangu aje kutafsiri.

"Anauliza nani anataka watoto walime."

Nilieleza yote: siku nane, vijembe, mvua, majina, daktari wa Alhamisi. Mjane alisikiliza akiwa ameegemea mlango. Kisha akasema kuwa kijijini kwao, alipokuwa mtoto, mama yake alijifungua mdogo wake akakaa ndani wiki sita, hakwenda hata kisimani, mpaka padri alipompokea mlangoni pa kanisa na kumbariki. Maji alichota yeye mjane, akiwa bado mtoto.

"Kwa nini hukugonga mlango wangu?" aliuliza.

"Niliandika tangazo."

"Nimeliona. Nilidhani vita vimeanza tena." Mwanangu alisita kutafsiri lililofuata, nikamwambia aendelee. "Anasema ngazi unazifagia vizuri, ila mimi, mwanao, huacha kona. Lakini anasema barua zako zinatisha watu."

Mjane akavua aproni, akavaa viatu vya kutokea, akapanda ngazi. Mke wangu alikuwa ameshashuka nusu njia kusikiliza. Hawakuwa na lugha ya pamoja hata ya kuombana chumvi, lakini wakaondoka wakiwa wameshikana mkono, wakagonga mlango kwa mlango. Nilibaki chini na kibao changu. Naandika hapa wazi, kwa kuwa rekodi ni rekodi: mke wangu alikuwa sahihi tangu mnadani, na mimi nilikosea.

Jumatano alasiri, siku moja kabla ya daktari, walikuja watoto sita. Mjane alikuwa na kipande chake cha maua chini ya dirisha, ambacho aliruhusiwa kukilima. Alikuwa amekwisha kung'oa maua yote. Watoto walilima kwa zamu kwa vijembe vyetu vitatu, vibaya sana, kwa furaha kubwa. Mke wangu akachovya tawi kwenye ndoo, akawarushia maji akipaza sauti, "Mvua! Mvua! Kimbieni nyumbani!" Hawakukimbia. Walisimama wameinua nyuso, wakataka tena. Kwa hiyo, kwa kumbukumbu sahihi, mvua ilinyesha mara tatu ndipo wakulima wakakimbia.

Katikati ya hayo msimamizi wa jengo alitokea langoni. Mjane alimfuata, akamwambia maneno machache kwa sauti ya chini.

"Amesema nini?" nilimuuliza mwanangu.

"Baba, hayo siwezi kuyatafsiri mbele yako."

Msimamizi alibaki. Nilimwona baadaye akila maharage ya Murusagamba akiwa amesimama, na alirudia sahani. Sina tena neno naye.

Majina yalipofika, mjane aligeuza lile tangazo langu, akawapa watoto kalamu waandike nyuma yake. Yaliandikwa sita. Moja, la msichana mdogo kuliko wote, lilikuwa jina la paka wake, na aliniangalia kwa makini nisije nikaliruka. Sikuliruka.

Kulikuwa na swali la kizingiti: je, ni mlango wa ghorofa ya tatu au ule wa chini? Niliamua ni wa chini, kwa sababu ngazi zile, kwa ushahidi wa kibao, ni za watu wote wa jengo, na kwa hiyo bado ni ndani. Mkamwana wangu akashuka polepole, mama mkwe wake mbele yake. Alipofika mlangoni alisimama. Watoto sita, wenye udongo hadi viwikoni, walimzunguka. Akavuka.

Kaka yangu atauliza ni watoto gani wa majirani waliompokea. Karatasi ipo kwenye jalada langu: upande mmoja tangazo lililokataliwa, upande wa pili majina sita kwa mwandiko wa watoto. Asiyeamini aje Murusagamba.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nafagia ngazi, zamu ya mjane, kwa hiari yangu. Mkamwana wangu alishuka kwenda kwa daktari, mtoto mgongoni. Nilijibanza ukutani na kutazama pembeni, kama inavyotakiwa, ili apite. Hakupita. Alisimama ngazi moja juu yangu.

"Shikamoo, baba," alisema, ana kwa ana.

"Marahaba, mwanangu," nilijibu. "Tembea taratibu, nimepiga deki."